Sony A7 III kwenye seti ya tamthilia: miezi kumi na minne ya kupiga picha bila kusikika

"Nani anakata kucha humu?"

Ndivyo nilivyokaribishwa kwenye seti yangu ya kwanza ya tamthilia, nyumba ya kupanga maeneo ya Goba, saa nne asubuhi, feni zote zimezimwa na friji limechomolewa ili maiki zisidake mngurumo. Mama wa kwenye tamthilia alikuwa katikati ya kulia. Fundi sauti akavua hedifoni, akatuangalia mmoja mmoja kama mwalimu wa zamu aliyesikia kicheko mstarini. Mkata kucha nilikuwa mimi. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya kamera kubwa na Canon 6D yangu, nimeiweka kwenye ile modi yake ya kimya, nikijipa moyo kwamba kamlio kale hakamsumbui mtu. Miaka saba ya harusi, sendofu na kicheni pati haikuwahi kunifundisha kwamba kamera yangu ina sauti. Ukumbini kuna MC, kuna spika mbili refu kuliko mimi. Nani atasikia kioo cha kamera kikiruka?

Teki, yaani kile kipande kilichokuwa kinarekodiwa, ikarudiwa. Mama akalia upya. Mimi nikaambiwa kuanzia hapo nipige wakati wa mazoezi tu.

Ninaulizwa kila wiki kama kamera ya Sony A7 III, niliyohamia baada ya aibu ile, bado inafaa kununuliwa. Kama ni kwa ajili ya harusi, majibu yamejaa mtandaoni na sina la kuongeza. Mimi naizungumzia kwa kazi moja tu, picha mnato kwenye seti ya televisheni, kazi ambayo wengi hawajui hata kama ipo.

Ile picha unayoiona kwenye bango la tamthilia, au kile kipicha unachobonyeza ili ufungue sehemu mpya, mara nyingi si fremu iliyochomolewa kwenye video. Fremu ya HD ni nukta 1920 kwa 1080, megapikseli mbili na kidogo. Itanue iwe bango la ukutani uone sura ya mwigizaji inavyogeuka vigae. Halafu video hupigwa kwa shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) ya polepole ili mwendo uonekane laini, kwa hiyo ukiisimamisha popote unakuta mkono una ukungu na jicho moja limefumba. Ndiyo maana anatafutwa mtu wa picha mnato. Anasimama ubavuni mwa kamera kubwa, pembe ileile au karibu yake, na anapiga teki ikiwa inaendelea, kwa sababu machozi ya kweli huja ndani ya teki. Hayaji ukimwambia mtu "hebu lia tena kidogo nikupige." Mtu huyu hana mamlaka yoyote. Haruhusiwi kuongeza taa, kusogeza kiti, kusimama pale macho ya mwigizaji yanapoelekea, wala kusikika. Hasa kusikika.

Kabla ya kutoa hela ya kamera nyingine nilijaribu njia ya mkato. Huko Marekani kuna kasha maalumu la kazi hii, blimpu. Lile la Jacobson ndilo lililotumiwa na wapiga picha wa Hollywood kwa miaka mingi. Ni sanduku gumu lenye sponji ndani na bomba la kufunika lenzi, unaifungia kamera humo na mlio wake unabaki humohumo. Bei yake ilikuwa kama dola elfu moja, hujalipia usafiri wala ushuru. Mimi nikaenda kwa fundi cherehani Manzese na vipande viwili vya sponji ya godoro na kitambaa cheusi cha suruali, akanishonea koti la kamera kwa elfu thelathini na tano. Mlio ulipungua kweli, kucha zikawa zinakatwa chumba cha pili. Lakini vitufe vyote vilikuwa chini ya godoro, kubadilisha lenzi kulichukua dakika tatu nzima, na nilitoka jasho kana kwamba mimi ndiye niliyevalishwa. Mama mmoja mkongwe wa maigizo aliniangalia nimekikumbatia kile kifurushi kifuani, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hicho kitoto unakinyonyesha saa ngapi?" Seti nzima ikacheka. Koti hilo sasa linalaliwa na paka wa jirani.

A7 III ilitangazwa Februari 2018, dola 2,000 kwa bodi peke yake. Yangu ni ya mtumba, Kariakoo, milioni mbili na laki nne, na betri mbili ndani ya bei hiyo. Ni mirolesi, yaani haina kile kioo cha ndani kinachoruka kila ukibonyeza, lakini hilo peke yake halitoshi, maana shata yake ya mapazia bado inalia, na kwa masikio yangu inalia kuliko ile ya 6D kwenye modi ya kimya. Siri iko kwenye menyu, kipengele cha kupiga kimya. Ukikiwasha, mapazia hayasogei kabisa. Sensa yenyewe, kile kipande cha ndani kinachonasa picha, ndiyo inayoanza na kuacha kupokea mwanga. Kinachobaki kusogea ni mota ya fokasi na vipande vya tundu ndani ya lenzi, na kwa lenzi ninayoitumia zaidi, FE 85mm f/1.8, hata mimi mwenye jicho kwenye kamera sisikii kitu.

Siku ya kwanza nayo nilisimama hatua mbili kutoka kwenye maiki ya buumu, ile inayoning'inizwa kwa mti mrefu juu ya waigizaji. Sini ya kaka na dada wanagombea hati ya kiwanja. Nikapiga picha 212 katika teki moja, ulafi mtupu, kama mtoto aliyeachiwa bakuli la sukari. Iliposemwa "kati!" nikamgeukia fundi sauti.

"Kaka, umesikia kitu?"

"Kitu gani? Kwani ulikuwa unapiga?"

Kwa jibu lile milioni zangu mbili na laki nne zilikuwa zimesharudi. Ningeandika tathmini siku hiyohiyo ningeipa kamera hii nyota zote za mbinguni. Bahati nzuri sikuandika, kwa sababu wiki ya tatu tulihamia jikoni.

Jiko la nyumba ile lilikuwa na taa za LED za kawaida, zile za elfu tatu dukani, na fundi taa aliamua kuziacha ziwake nyuma ya waigizaji kwa sababu dairekta alipenda ule ubaridi wake. Sini ilikuwa nzuri mno, binti anamwambia mama mkwe kwamba hamtaki tena mumewe. Nilipiga kama kawaida, shata 1/320 ya sekunde ili vidole visitikisike. Kwenye kidirisha cha kuchungulia niliona kama kuna kivuli kinatambaa juu ya ukuta, nikadhani ni kidirisha chenyewe. Usiku nimefungua kompyuta: mistari. Mikanda myeupe na myeusi imekatiza picha, kutoka dari mpaka kifuani kwa mama mkwe, kama amevaa jezi ya mistari. Picha 140, hakuna iliyopona.

Nilikaa na mistari ile mpaka saa tisa usiku nikiitafutia maelezo, na maelezo yake ni haya. Umeme wetu unazunguka mara 50 kwa sekunde. Taa ya bei nafuu inameta mara mbili kwa kila mzunguko, kwa hiyo inawaka na kufifia mara 100 kila sekunde, na jicho halioni. Sensa ya A7 III ikiwa kwenye kimya haisomi picha yote kwa mkupuo. Inaanza mstari wa juu, inashuka mmoja mmoja mpaka chini. Kila taa inapofifia katikati ya safari hiyo, mistari inayosomwa wakati huo inapata giza. Nilihesabu mikanda kwenye picha moja, ikawa sita. Mikanda sita ina maana kwamba wakati sensa inashuka kutoka juu hadi chini, taa imemeta mara sita, yaani safari nzima imechukua takriban 6/100 ya sekunde. Kwa mwanadamu ni haraka. Kwa picha ni kobe.

Na kwa nini dairekta hakuona chochote kwenye monita yake? Kwa sababu kamera kubwa ilikuwa inarekodi fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50. Kila mstari wa picha ulikuwa wazi kwa muda unaotosha mimeto miwili kamili, basi yote inapata mwanga sawa. Dawa yangu ilikuwa imesimama sentimita arobaini kutoka kwenye bega langu siku nzima. Tangu siku hiyo nikiingia chumba chenye taa za nyumba na niko kwenye kimya, shata ni 1/100 au 1/50, sibishani. Mkono ukitikisika utikisike, ukungu wa vidole mtu anasamehe. Jenereta ikiwashwa naenda 1/50 moja kwa moja, kwa sababu jenereta ndogo mzunguko wake haushiki 50 sawasawa, na 1/100 inaacha kivuli cha mistari kwa mbali. Taa za filamu zenyewe, zile nzuri za LED za kazi, hazinisumbui. Kamera ina kipengele cha kuzuia hali hii, lakini kinafanya kazi na shata ya mapazia tu. Ukiwasha kimya kinalala. Prodyuza nilimwambia ukweli asubuhi yake. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Bango lisubiri," na akatazama simu yake muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

Tatizo la pili ni mtoto wa tatizo lilelile. Kitu kikipita mbele ya sensa kwa kasi wakati inashuka mstari kwa mstari, kinakuwa kimeshahama kabla haijafika chini. Kinapinda. Sini ya kofi ndiyo ilinifunza. Kofi lilikuwa la kuigiza lakini mkono ulikuja kwa kasi ya kweli, na kwenye picha yangu ule mkono ulikuwa umekunjwa kuanzia kiwiko kama ndizi mzuzu. Kuongeza kasi ya shata hakusaidii hapo. Utapata ndizi iliyo kali, isiyo na ukungu. Ikabidi nimwendee dairekta msaidizi kwa adabu zote, tukapewa kofi moja la picha baada ya teki ya mwisho, maiki zimeshazimwa, shata ya mapazia, 1/500. Aliyepigwa akanionya, "Dada, la mwisho hili, shavu si la serikali." Likapatikana. Ndilo lililokwenda kwenye bango.

Kwa hiyo kitufe cha C2, kile cha juu karibu na kidole cha kubonyezea, nimekipa kazi moja tu, kuwasha na kuzima kimya. Mazoezi na picha za baada ya "kati", mapazia. Teki ikianza, kimya. Natamani kamera ingenionyesha alama kubwa zaidi kidirishani kwamba niko upande gani, kwa sababu kidole husahau. Nimewahi kuingia teki na mapazia yakiwa yamewashwa. Mlio mmoja tu. Sikusubiri kuulizwa kuhusu kucha, nilitoka nje mwenyewe.

Gizani ndiko inakonifurahisha. Sini za usiku zetu zinawashwa kwa taa mbili na karatasi ya bluu, na ukishakubali kuishi na 1/50 na 1/100 unajikuta umepandisha ISO (kipimo cha sensa kuhisi mwanga) hadi 3200, mara 6400 mlango ukifungwa. Picha za ISO 6400 nimezikabidhi bila kuona haya. Chembe zipo, ila ngozi inabaki ngozi. Hilo si jambo dogo kwetu, kamera nyingi gizani huifanya ngozi nyeusi iwe kijivu cha majivu. Hapa ukipima mwanga kwa uso badala ya ukuta, na ukapiga RAW (faili ghafi lisilochakatwa na kamera), weusi unarudi na joto lake. Fokasi ya kufuata jicho inashika vizuri mtu akiwa amekutazama au yuko upande. Akiinamisha kichwa kulia, inakwenda kwenye ushungi. Nimezoea kuwahi.

Betri sina malalamiko. Sony wenyewe wanasema picha 610 ukitumia kidirisha, mimi kwa kimya na kupiga mfululizo napita hapo sana, betri ya pili naigusa baada ya chakula cha mchana cha saa kumi (kwenye seti mchana huja unapotaka). Nafasi za kadi ni mbili, na kila picha inaandikwa kote kuwili, kwa sababu kadi moja inabaki kwa prodyuza usiku uleule na mimi naondoka na nyingine. Picha hazitoki kwangu kabla ya kipindi kuruka hewani. Kuna mwenzetu aliposti mhusika yuko kwenye jeneza wiki tatu kabla ya kifo chake, akapoteza kazi yeye badala ya marehemu.

Menyu ni msitu. Kioo cha nyuma kinainama juu na chini tu, hakifunguki kwa pembeni, na kukigusa kwa kidole hakusaidii mambo mengi. Kidirisha cha kuchungulia kina nukta milioni 2.36, ukitoka kwenye kamera mpya zaidi utaona kama una miwani ya mtu mwingine. Ukiinunua kwa kazi hii, kabla hujafika seti zima mlio wa fokasi, zima kile kitaa cha mbele kinachosaidia fokasi gizani, na kioo cha nyuma kifanye kisiwake, uangalie kwa kidirisha peke yake. Mwigizaji mwenye miwani atakuonyesha kioo chako ndani ya lenzi zake kabla hujakiona wewe.

Wapo watakaosema kwa nini nisinunue A9, dada yake mkubwa wa Sony. Ni kweli. Ile ya kwanza, ya mwaka 2017, sensa yake inasoma kwa kasi kubwa zaidi, ndizi haipindi namna ile na mistari inapungua sana. A9 III ya Novemba 2023 ndiyo mwisho wa maneno, inasoma picha yote kwa wakati mmoja, hakuna mstari kwa mstari tena. Bei yake ilipotoka ilikuwa dola 6,000. Mimi nalipwa kwa siku ya kupiga, na tamthilia haipigi kila siku. Mwezi wa mvua tulifanya kazi siku tisa. Nikipiga hesabu, A9 III ni kiwanja Chanika, na kiwanja hakipitwi na wakati. Ukiikuta A9 ya kwanza ya mtumba kwa bei inayokaribiana na niliyotoa mimi, chukua, usinisubiri. Vinginevyo A7 III, 85mm, na lenzi moja ya kukuza ya 28-75mm f/2.8 ya Tamron kwa sini za sebuleni, vimenifikisha msimu mzima na nusu ya msimu wa pili. Anayepiga michezo au magari yanayopita, na anataka kimya muda wote, hii asiiguse. Anayepiga watu waliokaa kwenye makochi wakidanganyana, ambayo ndiyo tamthilia yetu kwa asilimia kubwa, atailipia na kulala.

Ada ya pembeni ambayo muuzaji hatakutajia ni hii: kamera ikinyamaza, unaanza kusikika wewe. Bangili niliziacha nyumbani mwezi wa kwanza. Viatu nimebadilisha, raba zilikuwa zinalia kwenye vigae, sasa navaa soksi nene. Wiki iliyopita tulikuwa Kigamboni, sini ya msiba, kanga zimetandazwa, kimya hadi unasikia bahari. Nimechuchumaa dakika sita nyuma ya kochi nikisubiri binti ainue uso. Akauinua. Nikapiga kumi na nne, safi zote, na nikajiinua taratibu nisogee pembeni.

Fundi sauti akavua hedifoni.

"Dada, leo nani anavunja kuni?"

Ni magoti yangu.